Umuulize nani kabla ya kununua kompyuta ya nyumbani, na ikizingua uende kwa nani: muuzaji, fundi, ndugu, kampuni au mtandao

Wakuu, vyuo vikikaribia kufunguliwa maswali huwa ni yale yale, nina laki sita nimchukulie dogo laptopu gani, au hii ya nyumbani imekuwa nzito nifanyeje, na anayeuliza anaishia kubeba majibu matano yanayopingana. Muuzaji anamwambia beba hii hapa, fundi anamwambia hiyo kampuni achana nayo, binamu aliyesoma IT anamwambia chini ya milioni mbili usinunue kitu, na kule YouTube kuna jamaa yuko Marekani anaisifia mashine ambayo Kariakoo nzima huipati. Na kila mmoja wao anaweza akawa anasema kweli kwa upande wake. Ndo maana leo nalinganisha washauri wenyewe, mashine zitaingia humo humo kama mifano, kwa sababu watu wengi wanapoteza hela kwa kumuuliza mtu anayejua kazi yake swali ambalo sio la kazi yake.

Naandika zaidi kwa macho ya Dar maana ndo napopajua, ila ukiwa Nairobi pale mtaa wa Luthuli mambo hayapishani sana, mzigo mwingi ni huo huo wa mitumba ya maofisi ya Ulaya na ile inayopitia Dubai.

Kila mshauri nampima kwa vitu vitatu. Jibu lake linamwingizia hela au halimwingizii, mashine ameiona kwa macho au anaisikia tu, na bei na spea anazozijua ni za hapa kwetu au za kwingine. Sijaona hata mmoja anayefaulu vyote vitatu.

MUUZAJI

Kwenye bei muuzaji hana mpinzani. Yeye ndo anajua wiki hii umeingia mzigo gani, modeli ipi imejaa mpaka imeshuka bei, ipi inarudishwa rudishwa na wateja. Ukizunguka maduka matatu manne ya mtaa mmoja ukauliza swali lile lile kwa maneno yale yale, pale majibu yanapofanana una taarifa ya maana kabisa na hujalipa hata mia. Faida yake ya pili ni kwamba mashine iko mbele yako, unaishika, unaiwasha, unaandika kwenye kibodi yake, unaona kioo kama kina doa. Hiyo mtandao wote hauwezi kukupa.

Shida yake ni kwamba ukimuuliza "ipi inanifaa" atakujibu kwa kilichopo kwenye shelfu, asipofanya hivyo atakulaje. Usimchukie kwa hilo, badili swali tu. Sehemu inayowaumiza wengi ni hii biashara ya "Core i7", jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Mtu anaambiwa hii ni i7 RAM 8 (kumbukumbu ya muda, GB 8) diski terabaiti moja, anaona ameokota dodo, kumbe hiyo i7 ni i7-6600U ya mwaka 2015 yenye kori mbili (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), na pembeni yake kulikuwa na i5-8250U ya 2017 yenye kori nne kwa hela inayokaribiana. Hapo i5 inaiacha i7 mbali tu. Siri iko kwenye tarakimu zinazofuata mstari mdogo: 6600 inaanza na 6 ni kizazi cha 6, 8250 inaanza na 8 ni kizazi cha 8, na zikiwa tarakimu tano kama 10210 basi unasoma mbili za mwanzo, kizazi cha 10. Stika ya nje usiiamini, inabandulika na kubandikwa, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda sehemu ya Performance, jina kamili la prosesa liko pale juu, RAM iko pale, na utaona kama diski ni SSD (isiyozunguka, ya kasi) au HDD (ya zamani ya kuzunguka).

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu moja zaidi. Microsoft walisitisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubalika rasmi kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache sana, tena inadai na kile kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Sasa madukani utakuta kizazi cha 6 kimewekewa Windows 11 na inafanya kazi vizuri tu, muuzaji anakuambia unaona hii hapa ina 11, ni kweli ina 11 lakini imepitishwa mlango wa nyuma na Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawaihakikishii apdeti. Kwa mtu wa kuandika barua na kuangalia muvi anaweza akavumilia, kwa mtu anayefanya malipo ya benki humo mimi ningemwambia aongeze kidogo apande kizazi cha 8.

Kwa hiyo muuzaji usimuulize "hii nzuri?" Muulize prosesa namba ngapi kamili. Muulize RAM ni ya kuchomeka au imeunganishwa na bodi. Mfano mzuri ni ThinkPad mbili za Lenovo za mwaka mmoja, 2018, T480 na X280, nyingi zake ni kizazi cha 8: X280 ni nyepesi inapendeza kubeba lakini RAM yake imegandishwa kwenye bodi, ukinunua ya 8 utazeeka nayo ya 8, wakati T480 ina nafasi mbili za kuchomeka unaweza kuanza na 8 mwaka kesho ukaongeza. HP EliteBook 840 G5 nayo ina nafasi mbili. Muulize pia betri, halafu usisubiri jibu la mdomo, fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili, ndani yake tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity ulinganishe, ya kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na ya pili ni uwezo uliobaki, ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza basi hapo una betri nusu na bei ishuke au ubadilishiwe. T480 kwenye hili ina raha yake, betri zake ni mbili, moja ya ndani moja ya nje, ile ya nje unaichomoa kwa mkono.

Na ingia BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, ukiwa hapo hapo dukani, HP unabonyeza F10 wakati inawaka, Dell F2, ThinkPad F1. Ikikuomba paswedi ambayo muuzaji haijui, iache mezani uendelee na safari, paswedi ya BIOS kwenye mashine za maofisi sio kitu cha kutoa kirahisi. Vile vile ikiwa imetoka kuriseti na wakati wa kuanza inakuletea jina la kampuni fulani ya nje na kukudai imeili ya kazini, maana yake huko ilikotoka bado imesajiliwa kwao. Muuzaji anaweza kuwa hana habari kabisa, anakata boksi anauza, lakini mzigo utakuwa wako.

Muuzaji wa vitu vipya naye ana wimbo wake, "hii mpya, waranti mwaka mzima, kwa nini ununue mtumba". Kwa bei ile ile ya T480 ya mtumba utakuta laptopu mpya yenye Celeron N4020, kori mbili, RAM 4, stoo ya eMMC (ya kuhifadhia mafaili, ya bei rahisi) ya 64GB iliyogandishwa kwenye bodi. Waranti ni kitu cha kweli na betri mpya ni kitu cha kweli, sizikatai. Ila GB 64 ukishaweka Windows na Office na apdeti mbili tatu umebakiza upenyo, na hakuna cha kuongeza ndani. Kwa mwanafunzi wa chuo anayetegemea mashine miaka mitatu minne, mimi naona mtumba wa ofisi wa kizazi cha 8 ndo chaguo, na mpya ya Celeron namwachia anayetaka kusoma imeili na kuangalia video basi.

FUNDI

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wanapokosea pande zote mbili, kuna wanaomuamini fundi kwa kila kitu na kuna wanaomuona kila fundi ni mwizi.

Fundi anajua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anakijua: mashine hizi zinakufaje hapa kwetu, kwenye vumbi hili na joto hili na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Anajua hinji za modeli gani zinapasua plastiki, kibodi ya ipi inapatikana Kariakoo leo leo na ya ipi mpaka iagizwe, chaja ipi feki inaua bodi. Kabla hujanunua, mpitie fundi unayemuamini umuulize swali hili tu, "kati ya modeli hizi tatu ipi unaletewa mara chache na spea zake unazipata?" Jibu la hilo swali ni dhahabu na yeye halimwingizii chochote, kwa hiyo hana sababu ya kukupotosha. Atakayekupotosha ni yule fundi ambaye naye anauza laptopu pembeni, huyo mhesabu kwenye kundi la wauzaji.

Kwenye matengenezo ya vitu vya kushika, fundi ni namba moja. Pini ya chaji imelegea, kioo kimepasuka, feni inapiga kelele na laptopu inazima yenyewe ikichemka, chai imemwagika, hizi peleka kwa fundi usihangaike na mtandao. Ya kumwagika hasa: zima papo hapo kwa kushikilia batani ya pawa, chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, usiiwashe "kujaribu kidogo" hata mara moja, halafu siku hiyo hiyo iende ikafunguliwe na kusafishwa. Yale mambo ya kuifukia kwenye mchele ambayo kila grupu la WhatsApp linayo yaacheni, mchele hautoi sukari na maziwa kwenye bodi, na wakati unasubiri kutu inakula.

Kwenye matatizo ya programu ndo fundi wetu wengi wana dawa moja kwa kila ugonjwa, kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Imekuwa nzito, tupige Windows. Haiingii mtandaoni, tupige Windows. Na kwa kweli ukipiga Windows mpya mambo mengi yanakaa sawa kwa muda, ndo maana dawa hii haijafa, lakini umelipa, umepoteza mafaili, na chanzo kipo pale pale. Mashine yenye HDD ya kuzunguka hata uipige Windows kila mwezi itakuwa nzito, fungua Task Manager uangalie, diski iko asilimia 100 hata hujafungua kitu, kinachotakiwa pale ni SSD. HDD inasoma kama megabaiti mia moja hivi kwa sekunde ikiwa kwenye hali nzuri, SSD ya kawaida ya SATA inafika mia tano, na kwenye yale mafaili madogo madogo ambayo Windows inayafungua kwa maelfu tofauti ni kubwa kuliko hata hiyo. Hela ya kupiga Windows mara kadhaa ungeiweka kwenye SSD ungesahau tatizo.

Mfano mwingine, desktopu ya nyumbani saa yake inarudi nyuma miaka kila ikizimwa, ukifungua tovuti zinalalamika kuhusu usalama wa cheti hazifunguki, mtu anaambiwa virusi tupige Windows. Hapana. Ni kile kibetri kama sarafu kwenye bodi, CR2032, kimekwisha, kinauzwa hata maduka ya saa.

Na ule mkubwa kuliko yote, skrini ya bluu inayokudai funguo ya BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, yenye tarakimu 48. Fundi anakuambia hapa hakuna namna ni kufuta kila kitu. Kabla hujakubali, kaa chini, chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia siku ya kwanza kuiwasha hiyo laptopu, mara nyingi funguo imehifadhiwa pale, Windows 11 kwenye mashine nyingi inafunga diski yenyewe ukiingia na akaunti na kuitunza funguo huko. Watu wamefuta picha za marehemu wazazi wao na tasnifu za miaka mitatu wakati funguo ilikuwa kwenye akaunti yao muda wote. Hili linaniuma kila nikilisikia, tafadhali waambieni na wengine.

Jambo jingine kuhusu fundi, muulize kabla ya kulipa, "tatizo ni nini na umejuaje?" Anayejua kazi atakuambia nimejaribu RAM nyingine ikawaka, au nimepima chaja inatoa volti pungufu. Anayebahatisha atarudia tu kwamba ni sistimu. Na usiache mashine kiholela, piga picha serial namba, piga picha ile sehemu ya Performance ikionyesha RAM na diski, toa mafaili yako ya siri, ndo ukabidhi. Hii inamlinda na yeye mwenyewe fundi mwaminifu, hakuna wa kumsingizia baadaye.

NDUGU ANAYEJUA KOMPYUTA

Huyu hapati kitu kwenye jibu lake, na ndo thamani yake yote. Ila kila mtu anashauri kwa maisha yake. Mpwa anayecheza gemu atakwambia bila kadi ya grafiki hujanunua kompyuta. Kaka wa ofisini atakutajia bei za ofisini. Dada anayetengeneza tovuti ni mtaalamu kweli kweli lakini hajawahi kufungua laptopu kwa bisibisi, tukubali kwamba hizo ni kazi mbili tofauti. Mimi namtumia ndugu kwa jambo moja, kunisindikiza siku ya kununua. Macho manne dukani, na mmoja asiye na haraka ya kutoa hela, yanaokoa mengi. Kwenye kutengeneza mwonee huruma, anakuja Jumapili bila malipo na ikiharibika zaidi mnanuniana.

KAMPUNI ILIYOITENGENEZA

Huyu ndo mshauri anayesahaulika na kwa maoni yangu ndo anayestahili nafasi ya kwanza kwenye maswali mengi, na hachaji kitu. Watu wanadhani kwa kuwa laptopu ni ya mtumba na waranti imeisha basi Dell au HP au Lenovo hawahusiki nayo tena. Tovuti zao hazikuulizi risiti. Geuza laptopu, Dell wana Service Tag ya herufi na tarakimu 7, HP na Lenovo wana serial namba, iingize kwenye ukurasa wao wa sapoti, itakuonyesha ni modeli gani hasa, waranti iliisha lini na draiva zake halisi (programu ndogo za kuendesha vifaa vya ndani), na mara nyingi hata ilitoka kiwandani na vitu gani. Unaweza kufanya hivyo umesimama dukani kwa simu yako. Muuzaji akikuambia hii imetumika mwaka mmoja tu na waranti inasema iliisha miaka minne iliyopita, umepata jibu bila kugombana.

Pia wanatoa bure vitabu vya ufundi, hatua kwa hatua jinsi ya kuifungua, skrubu ipi kwanza, RAM inakaa wapi. Lenovo wana ukurasa unaitwa PSREF unaotaja kila modeli ina nafasi ngapi za RAM na imegandishwa au la, lile swali la X280 na T480 unalimaliza pale kwa dakika moja. Na kuna vipimo vya afya vimejengwa ndani ya mashine yenyewe, Dell ukiiwasha huku unabonyeza F12 unachagua Diagnostics, HP unabonyeza Esc halafu F2, inajipima RAM na diski na kadhalika, diski ikifeli kipimo hicho una ushahidi wa kumpelekea fundi badala ya kubahatisha. Kama haionyeshi kitu kwenye kioo lakini taa zinapepesa, hesabu zinavyopepesa, zina maana yake, na maana hiyo iko kwenye kitabu cha modeli yako.

Mfano wa kitu ambacho fundi wa mtaani anaweza asikijue kabisa: ThinkPad nyingi za 2017 mpaka 2019 zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, ile pini ya USB-C inaweza kufa polepole, na T480 inachajiwa kwa hiyo hiyo USB-C. Lenovo walitoa apdeti ya kuzuia hilo, ya bure. Ukinunua T480 ya mtumba kitu cha kwanza nyumbani ni kuiweka hiyo apdeti kabla haijakupeleka kwa fundi wa bodi.

Udhaifu wa kampuni ni kwamba kwenye kuchagua mashine itakuuzia mpya tu, bei za Kariakoo haizijui, na kila kitu ni Kiingereza cha kiofisi.

MTANDAO NA AKILI MNEMBA

Video ni nzuri ukishajua unachotafuta. Andika jina la modeli kamili na kazi, mfano 840 G5 kubadilisha SSD, utaona mikono ya mtu akifanya mbele yako. Kwenye kuchagua cha kununua video nyingi zinapotosha bila kukusudia, kwa sababu anayeongea yuko kwenye soko jingine, kwake laptopu mpya ina ofa na kurudisha ni siku thelathini, kwako sio hivyo. Magrupu ya hapa nyumbani ni bora kwa bei na kwa kujua duka gani lina maneno mengi, ila humo ndani wauzaji nao wamo wamevaa sura ya mteja aliyeridhika, kwa hiyo anayekusifia duka moja kila siku mtazame mara mbili.

Cha hatari kubwa mtandaoni ni yale madirisha yanayojaza kioo kizima, kompyuta yako ina virusi piga namba hii ya Microsoft. Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wa tatizo, kamwe. Ukipiga utaambiwa udaunlodi programu ya kuiongoza kompyuta yako kwa mbali na hapo umeshawafungulia mlango. Wazazi wetu ndo walengwa, waelezeni mapema. Programu za "kuharakisha kompyuta" na "kutafuta draiva" nazo ziacheni, draiva zipo kwa kampuni kama nilivyosema.

Akili mnemba kama ChatGPT nazipa alama nzuri kuliko nilivyotegemea, hasa kwa anayeanza na anayeona aibu kuuliza, maana haichoki, unaiuliza kwa Kiswahili tofauti ya SSD na RAM mara kumi inakueleza mara kumi. Mpe orodha ya prosesa tatu akupangie, mpe maneno kamili ya tatizo kama yalivyo kwenye kioo, atakupa vitu vya kucheki kwa mpangilio. Lakini haijaiona mashine yako, bei ya leo ya Kariakoo haina, na inaweza kukuambia kwa kujiamini kabisa kwamba X280 inaongezwa RAM. Kila inachosema kuhusu modeli kihakikishe kwenye tovuti ya kampuni. Na amri zozote inazokupa za kuandika kwenye Command Prompt, uliza kwanza zinafanya nini, ukiona neno clean au format simama, hayo yanafuta.

SASA UKIWA NA JAMBO LAKO

Unanunua na hujui chochote: anza na akili mnemba kuelewa maneno, hamia kwa fundi na lile swali la spea, angalia modeli kwenye tovuti ya kampuni, grupu ikupe bei ya kuanzia, ndo uende kwa muuzaji ukiwa na modeli mbili kichwani na ndugu pembeni. Muuzaji awe wa mwisho. Wengi wanaanza naye na wanamaliza naye.

Imekuwa nzito: Task Manager wewe mwenyewe, halafu fundi kwa ajili ya kufunga SSD tu, sio kushauri.

Haiwaki kabisa: jaribu chaja nyingine ya volti na pini ile ile, kama betri inatoka itoe ushikilie batani ya pawa sekunde thelathini, rudisha, washa. Bado? Fundi.

Desktopu inawaka haionyeshi kitu: hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya grafiki kama ipo, sio kwenye bodi, kisha toa RAM uirudishe vizuri. Na kama ni desktopu ya zamani iliyotoka Marekani, kabla hujaichomeka ukutani kwa mara ya kwanza angalia nyuma kwenye pawa saplai kama kuna kitufe chekundu cha 115 na 230, kwetu ni 230, ukiichomeka ikiwa kwenye 115 inalipuka hapo hapo na hakuna mshauri wa kukusaidia.

Windows inadai kuaktivetiwa: usikimbilie za kukrakiwa, zile za KMS (njia ya kuaktiveti ya maofisi inayoigizwa na wakrakaji) zenyewe ni za siku 180 na zinakulazimisha kuzima antivairasi. Mashine nyingi za maofisi za HP, Dell na Lenovo zina leseni ya Windows Pro ndani ya BIOS, ukidaunlodi Windows kutoka Microsoft wenyewe ukaiweka upya toleo la Pro kisha ukaunga intaneti, mara nyingi inajiaktiveti bila kulipa. Mwambie muuzaji akuwekee hivyo kabla hujatoa hela.

Na siku unalipa, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ile karatasi ya waranti ya dukani, hata iwe ya mwezi mmoja, waandike juu yake serial namba ya mashine pamoja na ya chaja, na waandike betri imo au haimo, kwa sababu maduka mengi yakisema waranti yanamaanisha bodi tu na utalijua hilo siku umerudi na betri inayozima kwenye asilimia 40.